Mwaka Mzima Nje: Mwongozo kwa Anayeishi Ranchini Kaskazini mwa Mlima Kenya

Ukitoka Nanyuki kuelekea Timau, mlima unabaki mkono wa kulia na nyanda kavu za Laikipia zinashuka mkono wa kushoto. Katikati kuna mashamba ya ngano, msitu wa mierezi na ranchi za ng'ombe wa Boran. Ni nadra mtu kupata mahali ambapo asubuhi anaweza kumtazama twiga kwenye migunga, na mchana wa siku hiyohiyo akasimama kwenye lango la msitu akitafuta sweta. Inasikitisha basi kuona watu wanaomiliki au kukodi nyumba ranchini huku wakitoka nje Januari, Februari na Agosti, kisha miezi iliyosalia wanakaa varandani wakilaumu mvua.

Hapa tuko kwenye Ikweta. Mchana ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, na jua huzama haraka bila kukungoja. Kinachobadilika ni mvua, vumbi, ukungu na upande wa mlima unaopigwa na jua. Anayevifuata vitu hivyo hupata pa kwenda kila mwezi: mvua ikikaza huku anahamia kule, juu pakifunga anashuka. Nimepanga mwongozo huu kwa utaratibu ambao ningependa mgeni wa eneo hili aufuate.

Hatua ya 1: Ijue ardhi unayoikanyaga

Kabla ya kununua buti au baiskeli, tembea mipaka ya ranchi na mtu aliyechunga mifugo hapo kwa miaka mingi. Ramani ya simu haitakuonyesha anachokijua yeye: mapito ya tembo, kichaka ambacho mbogo dume hulala, sehemu ya mto inayopitika hata mvua ikinyesha. Msalimie, mwite mzee au mama kulingana na umri, umwache amalize habari zake kabla hujamuuliza njia. Huo ni uungwana, na ni usalama wako pia, kwa sababu ndiye atakayekwambia kesho yake kwamba simba wamepita.

Mkiwa njiani angalieni udongo. Laikipia ina udongo mwekundu unaopitisha maji na udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata. Huu mweusi ukilowa hufunga gurudumu la baiskeli lisizunguke, huchomoa viatu vya farasi, na gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne huzama hadi ekseli. Ukikauka hupasuka nyufa zinazoweza kuvunja mguu wa farasi. Chora ramani yako mwenyewe, uweke alama palipo mweusi na palipo mwekundu. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayoamua utakwenda wapi Aprili na Novemba.

Weka pia alama kwenye ua wa umeme na mageti yake. Ua huo umewekwa kutenganisha tembo na mashamba ya watu; geti ukilikuta limefungwa lifunge, ukilikuta wazi uliza kabla hujaligusa. Na ujue ardhi ya jirani inaanzia wapi. Miaka ya ukame mkali wachungaji husogeza mifugo kutoka kaskazini kuja kutafuta malisho karibu na mlima, na mwaka 2017 mvutano huo uliishia kwa mapigano na vifo katika baadhi ya maeneo ya Laikipia. Ukame ukikaza, piga simu kwa majirani na kwa askari wa hifadhi kabla ya kutoka kwa matembezi marefu.

Hatua ya 2: Soma mwaka wa hapa

Januari hadi katikati ya Machi ni kukavu. Alfajiri anga huwa safi na vilele huonekana vyote, kisha kuanzia saa tatu au saa nne mawingu hupanda na kuufunika mlima. Ukitaka picha au mwendo mrefu, ondoka gizani. Ndio msimu mzuri wa kupanda juu, na ndio msimu wa ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia: tai wa nyika, keremkerem, viguruwe wa manjano wanaozunguka miguuni mwa ng'ombe. Ila ni msimu wa moto pia. Nyasi za juu ya msitu zimeshika moto Februari na Machi zaidi ya mara moja, mwaka 2012 na tena 2019, na eneo kubwa likaungua. Katika miezi hii usiwashe moto wa kuni nje ya mahali palipojengewa, hata kama usiku ni baridi kiasi gani. Jiko la gesi linatosha chai.

Masika huanza katikati ya Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo hulowesha kwelikweli. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakati siku nyingi mvua hunyesha alasiri na usiku, na asubuhi inabaki yako. Toka saa kumi na mbili na nusu, urudi saa tano. Kaa kwenye udongo mwekundu na vilima vya mawe. Nyasi zikirefuka, fumbwe madume weusi wenye mikia mirefu huanza kurukaruka juu ya nyasi kuwaita majike, na unaweza kukaa saa nzima ukiwatazama kwa darubini bila kuchoka. Maua ya mwituni hufunguka ndani ya wiki chache. Mlimani juu, masika ni matope na theluji laini inayoficha njia. Paache mpaka Juni.

Juni hadi Septemba kunarudi ukavu, lakini wa baridi. Upande wa Nyeri na Kirinyaga mara nyingi huwa chini ya wingu zito, huku upande wetu wa kaskazini ukipata jua. Ukielekea magharibi, Rumuruti na kwingineko, Julai na Agosti huleta mvua yake, kwa hiyo usidhani Laikipia yote ina kalenda moja. Mwishoni mwa Juni kuna mbio za marathoni za Lewa, zinazofanyika tangu mwaka 2000 ndani ya hifadhi yenye faru na pundamilia, helikopta na askari wakilinda njia. Njia ni ya vumbi, iko mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, na jua ni kali. Anayeishi hapa ana faida: ameshazoea hewa. Anza mazoezi Machi, barabara za ranchi zitakutosha.

Vuli ni Oktoba hadi Desemba, Novemba ikiongoza. Mito hujaa, maporomoko hupata sauti, na nyanda huwa kijani kiasi cha kumshangaza aliyeziona Septemba. Katikati ya Desemba mvua hupungua na mzunguko huanza upya.

Usiku nao una msimu wake. Kwa kuwa tuko Ikweta, nyota za kaskazini na za kusini zote hupita juu yetu. Kuanzia Juni hadi Agosti, kitovu cha galaksi yetu hupanda juu sana mapema usiku, na mbali na taa za mji huonekana kama wingu jeupe. Usiku wa tarehe 13 na 14 Desemba kuna mvua ya vimondo, moja ya kubwa zaidi za mwaka. Wazee wa pwani walisema kilimia, kile kishada cha nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mtu aliye ranchini anaweza kukifuata kilimia mwenyewe, kuanzia kinapokuwa juu jioni za Januari hadi kinapopotea kwenye mwanga wa machweo Mei. Beba blanketi mbili. Watu hudhani Ikweta ni joto, kisha hutetemeka.

Hatua ya 3: Jifunze kutembea penye wanyama

Sehemu hii naomba usomaji wa makini kuliko zote. Ranchi nyingi za Laikipia hazina ukuta kati ya ng'ombe na wanyamapori, na uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, kwa hiyo wanyama wapo na hawamkimbii mtu kila mara. Tembea na skauti au mwelekezi anayelijua eneo. Kama ranchi inataka uwe na askari mwenye silaha, usibishane.

Mnyama wa kuhofiwa zaidi kwa mtembea kwa miguu ni mbogo, hasa dume wazee waliojitenga na kundi. Hukaa kwenye vichaka karibu na maji na hawatoi onyo. Kwa sababu hiyo usipite kando ya mto kukiwa bado na giza. Ngoja jua litoke vizuri uone mbele. Chukua kiganja cha vumbi ukiachilie kujua upepo unakokwenda. Ukikaribia kichaka kinene upepo ukitoka mgongoni kwako, wanyama watakunusa na wengi watasogea mapema, na hilo ni jema. Ukitaka kuwatazama tembo, fanya kinyume: upepo uwe usoni, na ubaki mbali penye uwazi wa kurudi nyuma. Tembo akikugeukia huku amepanua masikio, rudi polepole bila kelele. Simba usimkimbie kamwe. Mbogo akija, ndiye wa kukimbiwa kuelekea mti au nyuma ya gogo nene, na hapo hakuna adabu.

Usitembee na mbwa. Mbwa humchokoza mbogo au tembo halafu hurudi mbio kwa bwana wake na hatari ikimfuata. Usivae vidude vya muziki masikioni. Watoto watembee katikati ya mstari, mtu mzima mbele na mwingine nyuma, na wafundishwe neno moja la kusimama papo hapo. Mtoto aliyefundishwa hivyo tangu mdogo huwa na macho makali kuliko wageni wengi, na nisingemnyima nyika kwa woga wa wazazi.

Kitu kidogo kinachosahaulika ni kupe. Baada ya mvua hujaa kwenye nyasi ambako mifugo imepita, na huweza kumpa mtu homa kali yenye kidonda cheusi palipoumwa. Ingiza suruali ndani ya soksi, na jioni jikague mwili mzima, nyuma ya magoti na kwapani. Ukipata homa siku kadhaa baadaye, mwambie daktari kwamba ulitembea penye mifugo, asije akafikiria malaria tu.

Hatua ya 4: Panda mlima kwa awamu

Njia ya Sirimon ndiyo ya jirani yetu. Geti lake liko mita 2,650 hivi, kilomita kama kumi juu ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru. Upande huu ni mkavu kuliko mwingine, ndiyo maana ule ukanda wa mianzi unaoonekana kwenye njia za Naro Moru na Chogoria huku karibu haupo. Unatoka kwenye mierezi na mipodo ukaingia nyasi za juu moja kwa moja.

Awamu ya kwanza iwe ya siku moja: geti hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, na kurudi. Ni kilomita tisa hivi kwenda, kwa barabara pana. Mbega huruka juu ya miti, kinyesi cha tembo kiko barabarani, na ukitoka msituni nyanda zote za kaskazini hufunguka chini yako. Njia hii naipenda kwa sababu inafaa karibu miezi yote ukiondoka mapema, hata katikati ya vuli. Itakuonyesha pia kama viatu vyako vinauma kabla hujavipeleka juu zaidi.

Awamu ya pili ni kilele cha Lenana, mita 4,985. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vya wapanda miamba wenye kamba na ujuzi. Watu wengi hupanda Lenana haraka mno, kwa kuwa njia ni fupi na gari limewafikisha juu. Kutoka Old Moses hadi kambi ya Shipton kuna ongezeko la mita 900 kwa siku moja, na mwili haupendi hivyo. Lala Old Moses usiku mbili, ukitumia siku ya katikati kupanda kidogo na kurudi kulala. Kisha tembea kilomita 14 za bonde la Mackinder, kati ya milobelia na misenesio mirefu kuliko mtu, mpaka Shipton kwenye mita 4,200. Lala hapo usiku mbili pia ukiweza. Pimbi watakuja kuomba chakula, usiwape. Ondoka kwenda kileleni saa tisa usiku, theluji na changarawe zikiwa zimegandishwa na baridi, ili uwe juu jua linapochomoza na ushuke kabla ya mawingu.

Mwinuko ukianza kukuumiza, maumivu ya kichwa na kukosa hamu ya kula ni ishara ya kusimama ulipo. Kikohozi kikavu kinachozidi, kukosa pumzi ukiwa umekaa, kupepesuka au kuongea ovyo ni ishara ya kushuka usiku huohuo, bila kungoja asubuhi. Maji yakiingia kwenye mapafu au ubongo kuvimba, dawa ya kwanza ni kushuka. Kuishi ranchini kwenye mita 1,900 au 2,000 kunasaidia kidogo, lakini hakumfanyi mtu kuwa wa mita 4,000.

Wapanda miamba wafuate jua. Katikati ya mwaka jua huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo miamba ya kaskazini ya Batian hukauka takriban Juni hadi Septemba. Desemba hadi Februari jua huhamia kusini, na njia ya kawaida ya Nelion upande wa kusini-mashariki huwa nzuri. Njia za barafu zilizosifiwa zamani zisiaminiwe tena. Barafu ya Lewis imepungua vibaya sana, na kuta zilizoshikwa na barafu sasa hudondosha mawe.

Malipo ya kuingia hufanywa kwa mtandao kupitia eCitizen. Fedha taslimu usitegemee getini. Chukua mwelekezi na wapagazi walioandikishwa, uwaulize wamevaa nini na watalala wapi. Mpagazi aliyevaa raba kwenye theluji ni aibu ya aliyemwajiri.

Hatua ya 5: Msitu wa Ngare Ndare

Jioni ya joto, au siku ambayo kuna wageni wa rika zote nyumbani, nenda Ngare Ndare, karibu na Timau. Msitu huu unasimamiwa na jamii zinazouzunguka, na mwaka 2013 uliunganishwa pamoja na Lewa katika Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya. Kuna daraja la kamba na nyavu lenye urefu wa mita 450 linalopita juu ya miti, na chini yake mabwawa ya maji ya buluu penye maporomoko. Maji ni ya baridi sana. Askari hukusindikiza, kwa kuwa tembo hutumia msitu huu kama ushoroba wao kati ya Lewa na mlima. Tangu 2011 hupita chini ya barabara kuu kwa njia waliyojengewa. Baada ya mvua kubwa piga simu kwanza, maana vijia huteleza na mabwawa hubadilika rangi.

Hatua ya 6: Farasi, baiskeli na mto

Farasi ndiye bora kwa Juni hadi Septemba. Pundamilia na pofu hawamwogopi kama wanavyomwogopa mtu wa miguu, na ukiwa mgongoni unaona juu ya nyasi. Ukimfuga mwenyewe, jihadhari na ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi baada ya mvua. Visubi huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, kwa hiyo farasi aingie bandani kabla jua halijazama, na achanjwe kila mwaka kwa ratiba ya daktari wa mifugo.

Baiskeli inataka jambo moja: gundi ya kuziba matundu ndani ya tairi. Miiba ya migunga haina huruma.

Samaki aina ya trauti waliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 na sasa wamo kwenye mito baridi ya mlima kama Burguret, Liki na Naro Moru. Pata leseni, na uvue maji yakiwa mengi na ya baridi. Februari na Machi iache mito ipumzike. Yote hiyo inaungana na kuingia Ewaso Ng'iro, na maji yakipungua watu na mifugo huko chini hupata shida; kuwatupia samaki ndoano kwenye dimbwi la mwisho si burudani.

Hatua ya 7: Mpango wa dharura uwe ukutani

Kila anayetoka aandike kwenye ubao wa jikoni anakokwenda, na nani, na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita kwa saa moja, aliye nyumbani apige simu, asisubiri giza. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, hivyo mbebe redio ya ranchi kama ipo. Jiandikishe kwa huduma ya ndege ya Amref Flying Doctors kabla ya msimu wa kupanda, lakini kumbuka helikopta hairuki ndani ya ukungu: mlimani, wa kwanza kukuokoa ni miguu ya wenzako.

Begi la mlangoni liwe na jaketi la mvua, kofia ya sufu, tochi yenye betri mpya, filimbi, maji lita mbili, bandeji ya kubana, chumvi za kuongeza maji mwilini na kitu cha kutafuna. Likague kila Machi mosi na Oktoba mosi, kabla ya mvua kuanza.